Kurekodi nyumbani nyimbo za mtindo wa pop wa miaka ya 1960: dalili, vyanzo na tiba

Anayetunga nyimbo zake mwenyewe kwa ladha ya pop ya miaka ya 1960 na kuzirekodi chumbani mwake hukutana na jambo la kukatisha tamaa: kila chombo kikisikilizwa peke yake kinaridhisha, lakini vikiunganishwa, wimbo unafanana na tangazo la biashara la mwaka huu lililovishwa koti la babu. Hapo mkono hukimbilia ekwalaiza (kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti nene na nyembamba), au programu-jalizi (programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya kurekodi) yenye picha ya mashine ya zamani. Mwongozo huu unakwenda kinyume na mkono huo. Dalili husikika kwenye spika, lakini chanzo chake, kwa uzoefu wangu, huwa kimekaa hatua mbili au tatu nyuma ya pale iliposikika. Kwa hiyo uchunguzi unaanza kwa mpigaji, unapita kwenye chombo, chumba na maikrofoni, na kompyuta inafikiwa mwisho kabisa.

Kabla ya kuchunguza lolote, tengeneza kipimo kimoja. Weka simu juu ya meza, kaa umbali wa hatua mbili, upige gitaa na kuimba wimbo wote mara moja bila kukatiza. Rekodi hiyo ihifadhiwe, kwa sababu tutairejea: tatizo linalosikika hata humo haliwezi kuwa limeletwa na vifaa.

Wimbo unasikika safi kupita kiasi na hauna harufu ya enzi yake

Mshukiwa wa kwanza ni wingi wa treki, yaani njia tofauti ambazo kila moja hubeba sauti yake. Katika studio za kampuni ya rekodi ya EMI zilizopo barabara ya Abbey Road jijini London, Beatles walirekodi kwa mashine ya treki 2 hadi mwaka 1963, kisha wakahamia mashine ya treki 4 waliyoendelea nayo hadi mwaka 1968. Treki nne zilipojaa, zilichanganywa na kuhamishiwa kwenye tepu nyingine ili ipatikane nafasi ya vyombo vipya, na baada ya hapo hapakuwa na namna ya kurudi nyuma kupunguza tari au kuongeza piano. Maamuzi yalifanyika mapema, masikio yakiwa bado na hamu. Programu za leo hazina kikomo cha treki, na matokeo yake anayerekodi huahirisha kila uamuzi hadi siku ya kuchanganya, ndipo anapojikuta ana magitaa sita ambayo hakuna hata moja lililopigwa kwa nia ya kusikika.

Namna ya kuthibitisha ni kutengeneza nakala ya mradi na kuzima kila kitu isipokuwa ngoma, besi, chombo kimoja cha kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na sauti ya mwimbaji. Wimbo ukipata uhai, mchawi amepatikana. Tiba ni kujiwekea mipaka ya zamani: ngoma na besi ziunganishwe kuwa faili moja, gitaa na kinanda faili la pili, mwimbaji mkuu la tatu, waitikiaji na tari la nne, kisha zile treki za awali zifichwe kabisa machoni. Nimewahi kuwa na wimbo wa treki 31 ambao sinea yake (ngoma ndogo yenye mlio mkali) haikusikika hata nilipoipandisha hadi ikaniumiza. Nilipoanza kuunganisha treki ndipo nilipogundua kwamba mkono wa kushoto wa kinanda na nyuzi nene za gitaa vilikuwa vinapiga noti zilezile, kwa mapigo yaleyale, dakika zote mbili na nusu. Niliuondoa mkono ule wa kushoto, na sinea ikajitokeza bila kuguswa.

Mshukiwa wa pili ni utengano. Chombo kimoja kimoja kikirekodiwa kwa maikrofoni iliyobanwa karibu, vyombo vyote vinakuwa kama watu waliopigwa picha mahali tofauti na kubandikwa kwenye karatasi moja. Wanamuziki wa zama zile kwa kawaida walikaa pamoja, na sauti ya ngoma ilivujia kwenye maikrofoni ya piano, ya piano ikavujia kwa mpiga gitaa. Anayerekodi peke yake anaweza kuutengeneza uvujaji huo: acheze ngoma na gitaa lake lililokwisha kurekodiwa kupitia spika moja iliyowekwa katikati ya chumba, aweke maikrofoni umbali wa mita 2, arekodi kinachosikika, kisha achanganye rekodi hiyo kwa sauti ya chini nyuma ya zile za awali. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja, hivyo rekodi hiyo mpya itachelewa milisekunde 6 hivi. Usiisogeze ili ilingane na nyingine, kwa maana ucheleweshaji huo mdogo ndio unaoliambia sikio kwamba kuna chumba.

Wa tatu ni metronomu, mlio unaohesabu mapigo kwa mwendo usiobadilika. Nyimbo nyingi za wakati ule ziliharakisha kidogo zilipoingia kiitikio, si kwa hesabu bali kwa msisimko. Ikiwa ile rekodi ya simu inakimbia kidogo kwenye kiitikio na mradi wa kompyuta haukimbii, basi ongeza pigo moja au mawili kwa dakika kwenye ramani ya mwendo, au, jambo lililo bora zaidi, rekodi gitaa na sauti bila metronomu na mpiga ngoma akufuate wewe.

Besi inanguruma lakini noti zake hazitambuliki

Hapa tuanze na nyuzi. Katika studio ya kampuni ya rekodi ya Motown mjini Detroit, James Jamerson alipiga besi kwa kidole kimoja cha shahada, kwenye nyuzi laini zisizo na mikwaruzo ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Nyuzi mpya za aina ya kawaida hung'aa juu na kuvuma muda mrefu chini, na mvumo huo mrefu ndio unaojaza kila nafasi ambayo ngoma kubwa ya mguu ilihitaji. Kipande cha sifongo kilichokunjwa na kusukumwa chini ya nyuzi, karibu kabisa na daraja la gitaa, kinatosha kulimaliza tatizo kwa nusu dakika. Noti itaanza kwa kishindo, itasema jina lake, na itakufa kabla ya noti inayofuata. Anayependa ukali zaidi atumie piki (kipande kidogo cha kuchapia nyuzi) pamoja na sifongo hiyo. Carol Kaye, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Los Angeles wakati huo, alitumia piki na kuzibana nyuzi zake.

Kipimo ni kusikiliza miksi, yaani vyombo vyote vikiwa vimechanganywa, kwenye spika ndogo ya simu. Besi ikipotea kabisa humo, nguvu zake zote ziko chini ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), mahali ambapo spika hiyo haifiki. Katika hali hiyo, badala ya kuongeza besi, punguza desibeli 3 karibu na hezi 80 na uongeze kiasi hichohicho kati ya hezi 700 na 1,000, ambako sauti ya kidole kugusa uzi inapatikana. Besi ichomekwe moja kwa moja kwenye kadi ya sauti bila aibu yoyote, kwani Motown nako magitaa na besi vilichomekwa moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia.

Ngoma ni kubwa mno, au zinasikika kama masanduku

Ukubwa usiofaa kwa kawaida hutokana na maikrofoni nyingi. Seti nzima ya ngoma inaweza kurekodiwa kwa maikrofoni moja iliyoinuliwa kimo cha kichwa cha mpigaji, mbele ya seti, ikielekezwa kwenye sinea. Ya pili ikiwepo, iwekwe mbele ya ngoma kubwa. Ukiwa na mbili, igeuze fezi (mwelekeo wa mawimbi ya sauti) ya mojawapo na usikilize: upande ambao ngoma kubwa inasikika nene zaidi ndio ulio sahihi, na hakuna ekwalaiza inayoweza kurudisha unene ulioondolewa na fezi mbaya.

Sauti ya sanduku, kwa upande mwingine, hutoka kwenye ngozi za ngoma na chumba. Kitambaa cha jikoni kilichotandazwa juu ya sinea na tamtam, kama alivyofanya Ringo Starr katika rekodi kadhaa za mwishoni mwa muongo ule, hukata mlio unaobaki na kuacha pigo lililo kavu na fupi. Kitambaa kisifunike ngozi yote; nusu inatosha, na nusu iliyobaki ndiyo itakayopokea fimbo. Ikiwa bado kuna mlio wa sanduku karibu na hezi 400, sogeza seti kutoka katikati kamili ya chumba, mahali ambapo mawimbi ya kuta zinazotazamana hugongana.

Matoazi yakiwa makali, lawama ni ya mkono wa mpigaji. Mwombe ayapige kwa nusu ya nguvu na sinea kwa nguvu zote. Ni mizani anayoweza kuiweka mpigaji peke yake, kwa kuwa maikrofoni moja haijui kutenganisha kitu kimoja na kingine.

Asiye na ngoma kabisa asione haya. Mtayarishaji Joe Meek aliendesha studio katika nyumba ya kupanga iliyokuwa juu ya duka la bidhaa za ngozi, namba 304 Holloway Road, London, na mwaka 1964 aliongeza nguvu ya mapigo katika wimbo wa bendi ya The Honeycombs kwa kuwafanya wanamuziki wakanyage ngazi za mbao kwa miguu, huku maikrofoni zikiwa zimefungwa kwenye reli ya ngazi kwa vibanio vya baiskeli. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Makofi, sanduku la kadibodi lililojazwa nguo, na tari kwenye pigo la pili na la nne vinaweza kubeba wimbo mzima. Tari lakini lina hila yake: likirekodiwa karibu, vilele vyake, yaani mapigo yake ya ghafla, hujaza kipimo cha sauti na kupasuka ingawa masikio hayalisikii kuwa kubwa. Lisimame mita 2 kutoka kwenye maikrofoni, na mpigaji aelekee pembeni.

Sauti ya mwimbaji imekaa juu ya wimbo badala ya kuwa ndani yake

Dalili hii ina vyanzo vingi kuliko zote, na ndiyo inayoniletea maswali mengi zaidi.

Angalia kwanza umbali. Maikrofoni inayosikia upande mmoja huongeza besi kadiri mdomo unavyoikaribia, hivyo mwimbaji aliye sentimita 5 kutoka kwenye maikrofoni anapata sauti ya mtangazaji wa redio wa usiku wa manane. Rudi nyuma hadi sentimita 25 au 30, uimbe kwa nguvu zaidi, na uache chumba kiingie kidogo. Chumba kikiwa na mlio mbaya, tundika blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maikrofoni, kwa kuwa maikrofoni hiyo inatazama kule mwimbaji aliko na kukusanya kinachorudi kutoka ukuta wa mgongoni pake.

Angalia pili viwango. Tepu ya sumaku ilipopakiwa kupita kiasi ilivipinda vilele taratibu, na mpindo huo ukapendeza. Kompyuta ikipakiwa kupita kiasi hukata vilele kwa kisu. Rekodi kwa biti 24, vilele vya juu vikae karibu na desibeli 10 au 12 chini ya kikomo, na joto la tepu litafutwe baadaye kwa programu-jalizi, kwa kiasi kidogo. Ukiusikia mpindo waziwazi, umezidisha.

Kisha kuna kuimba maradufu, yaani mwimbaji kuimba mstari uleule mara mbili ili sauti inenepe. Ikiwa sauti mbili zinasikika kama watu wawili wanaobishana, tafuta mahali pa ugomvi, na mara nyingi utaupata kwenye konsonanti. "S", "t" na "k" za mwisho wa neno zinapofika kwa nyakati tofauti, sikio husikia mikato miwili. Chukua mstari mmoja kama "nimekusubiri hadi taa zikazimwa": katika rekodi ya pili, imba "t" ya "taa" kwa ulegevu kana kwamba umechoka, na silabi ya "zi" isikike nusu tu, kisha uache rekodi ya kwanza itamke kila kitu kikamilifu. Vokali ndizo zitakazonenepa, na konsonanti itabaki moja. Zoezi hili huchukua dakika kumi na linashinda saa nzima ya kukata na kusogeza vipande kwenye skrini.

Anayechukia kuimba mara mbili ana mwenzake. Mwaka 1966 fundi wa EMI aitwaye Ken Townsend alibuni njia ya kutengeneza sauti ya pili kwa mashine ya tepu iliyochelewa kidogo na ambayo kasi yake iliyumbishwa, kwa sababu Beatles, hasa John Lennon, walikuwa wamechoshwa na kazi hiyo. Nyumbani, nakili treki, icheleweshe kati ya milisekunde 20 na 40, na uifanye iyumbe polepole kwa kiasi kidogo sana. Nakala isiyoyumba haineneshi kitu. Inachuja tu sauti na kuifanya isikike kama inatoka kwenye bomba.

Waitikiaji wasioungana wana kosa moja karibu kila mara: kila mmoja amerekodiwa peke yake, karibu na maikrofoni, akiwa na hedifoni zinazompa sauti yake zaidi ya wengine. Wakusanye wote watatu mbele ya maikrofoni moja. Mwenye sauti ya kwanza asogee mbele, mwenye sauti kubwa arudi nyuma hatua moja, na mizani ipatikane kwa miguu. Ukiwa peke yako, badilisha mahali unaposimama na namna ya kutamka kwa kila sauti, la sivyo utasikia mtu mmoja aliyenakiliwa.

Mwangwi unameza maneno

Studio ya Gold Star huko Hollywood, ambako mtayarishaji Phil Spector alitengeneza rekodi zake za mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilisifika kwa vyumba vyake vya mwangwi: sauti ilitumwa kwenye spika ndani ya chumba kitupu chenye kuta ngumu, na maikrofoni ikaokota kilichorudi. Wengine walitumia mashine ya Kijerumani EMT 140, iliyotoka mwaka 1957, ambayo ndani yake lilikuwa bamba kubwa la chuma lililoning'inizwa. Kinachosahaulika na wengi ni kwamba wahandisi mara nyingi waliipitisha sauti kwenye tepu kwanza ili ichelewe kabla ya kufika kwenye mwangwi. Neno linatamkwa likiwa kavu, kisha mwangwi unakuja nyuma yake.

Basi kama maneno yanamezwa, usianze kwa kupunguza mwangwi. Ucheleweshe milisekunde 80 hadi 100, ukate kila kitu kilicho chini ya hezi 500 na juu ya kilohezi 6 ndani ya mwangwi wenyewe, na mara nyingi utaweza hata kuuongeza. Bafu lenye vigae au ngazi za jengo ni chumba cha mwangwi kilicho tayari: spika moja ielekee ukutani, maikrofoni iwe mbali nayo na iipe mgongo. Kosa la kawaida hapa ni kuvielekeza vitu hivi viwili kimoja kwa kingine, na matokeo yake ni kurekodi spika badala ya chumba.

Gitaa la nyuzi 12 halilingani na kitu chochote

Nyuzi zitakuwa zimelinganishwa vizuri na gitaa bado likasikika limepotoka, kwa sababu mkono wa kushoto ukikandamiza kwa nguvu, nyuzi za jozi moja hupanda kwa viwango tofauti. Punguza nguvu ya vidole. Asiye na gitaa hilo achukue la nyuzi 6, avishe nyuzi nyembamba za seti ya nyuzi 12, na kurekodi sehemu ileile mara mbili, mara moja kwa gitaa hilo na mara moja kwa gitaa la kawaida. Mlio ule mrefu unaong'aa wa Roger McGuinn katika rekodi za The Byrds za mwaka 1965 ulitokana na kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) kubanwa sana, kwa hiyo usiogope kuibana hadi desibeli 10. Lakini ibane baada ya kulinganisha nyuzi, maana kompresa hukuza makosa kwa uaminifu uleule.

Mvumo wa umeme na treki zinazochelewa

Mvumo wa hezi 50 au 60 unaobadilika unapogeuza mwili unatoka kwenye pikapu za gitaa zenye koili moja: geuka hadi unyamaze, na uondoke karibu na skrini na adapta. Mvumo usiobadilika unatoka kwenye vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti na kuunganishwa kwa waya wa sauti; vipeleke vyote kwenye soketi moja. Usikate waya wa ardhini kwa sababu yoyote, kwani huo ndio unaokulinda usipigwe na umeme.

Ikiwa unaimba sawasawa lakini rekodi inachelewa, tazama ukubwa wa bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukishughulikia. Sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 ni zaidi ya milisekunde 23 kwa upande mmoja, sawa na kuimba ukiwa mita 8 kutoka kwa mpiga ngoma. Shusha hadi 128 wakati wa kurekodi, na uipandishe tena wakati wa kuchanganya.

Miksi inanyauka ikichezwa kwa mono

Geuza miksi yote kuwa mono, yaani sauti ya njia moja badala ya mbili za stirio, na usikilize kilichotoweka. Kikitoweka kitu, ama ni kopi iliyocheleweshwa na kusukumwa pembeni, ama ni maikrofoni mbili zenye fezi zinazopingana, ama ni programu-jalizi ya kupanua stirio, ambayo ningependekeza iondolewe tu. Rekodi nyingi za pop za wakati ule zilikusudiwa mono. Albamu ya The Beach Boys ya mwaka 1966, Pet Sounds, ilitolewa kwa mono na Brian Wilson, ambaye sikio lake la kulia halikusikia vizuri. Changanya kwa mono kupitia spika moja hadi kila chombo kipate mahali pake kwa kiwango na rangi yake ya sauti, ndipo ufungue stirio. Ukitaka stirio ya enzi hizo, tupa ngoma zote upande mmoja na waimbaji katikati au upande wa pili, na ukubali kwamba wenye hedifoni watashangaa.

Kila kitu kiko sawa lakini wimbo haushiki

Hapa ndipo ile rekodi ya simu inaporudi. Isikilize ukiwa na saa mkononi. Kama kiitikio hakijafika ndani ya sekunde 45 za kwanza, kama wimbo unapita dakika 3, au kama beti mbili za kwanza zinasema jambo lilelile kwa maneno tofauti, tatizo halijawahi kuwa maikrofoni. Futa nusu ya utangulizi. Unganisha beti hizo mbili kuwa mmoja. Mwisho wa daraja la wimbo (sehemu ya kati inayotofautiana na beti na kiitikio), mahali ulipoweka kodi ya nne ya meja, ijaribu ikiwa maina kwa pigo moja kabla ya kurudi nyumbani kwenye kodi ya kwanza, halafu urekodi tena kwa simu, juu ya meza ileile. Mkono ukijikuta unagonga meza kabla kiitikio cha pili hakijaisha, washa kompyuta.